Nyumba ya kwanza Nyamirambo: kodi ni mwanzo wa hesabu

Mgeni apandaye basi katikati ya mji wa Kigali kwenda Nyamirambo huanza kusikia Kiswahili kabla safari haijafika nusu. Mmoja husalimia kwa Kiswahili, mwingine hujibu kwa Kinyarwanda, na mazungumzo huendelea kwa lugha zote mbili bila mtu kushangaa. Barabara hupanda kilima polepole. Kandokando yake yamepangana maduka ya vitambaa, vinyozi, mafundi cherehani walioketi barazani, wauza chapati na sambusa, na vibanda vya maziwa ambamo watu hukaa wakinywa maziwa ya mgando, ambayo wenyeji huyaita ikivuguto. Jua likitua, mitaa mingine ya mji hunyamaza mapema. Nyamirambo taa zake huendelea kuwaka, na harufu ya nyama ya kuchoma huwafuata watu mpaka milangoni kwao.

Mji wenyewe si wa zamani sana. Mjerumani Richard Kandt aliuanzisha mwaka 1907, na Waswahili wa pwani ya Tanganyika, askari na wafanya biashara, wakafuata. Huko Biryogo, jirani na Nyamirambo, ulijengwa msikiti wa Al-Fat'h mwaka 1913, na wakati wa Wabelgiji Waislamu walitengewa makazi yao papo hapo. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 Kigali ikawa mji mkuu, na kilima hiki kikazidi kupokea wageni. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, walirejea Wanyarwanda waliokuwa wakiishi Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, wengi wao wakiwa na Kiswahili cha huko walikotoka. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi. Nyamirambo ilikuwa imekwisha kukipitisha yenyewe siku nyingi.

Msikiti wa kijani bado unaonekana toka mbali. Uwanja wa mpira wa mtaa, ambao tangu Machi 2023 unaitwa kwa jina la Pelé, bado hujaza watu siku za mechi. Huko Biryogo barabara moja ilifungwa kwa magari mwaka 2021, ikapakwa rangi, na sasa watu hunywa chai katikati ya njia. Mwisho wa safari ya basi ni kituo kiitwacho Ryanyuma, yaani cha mwisho, na juu yake umesimama Mlima Kigali.

Mgeni wa siku moja huyaona hayo, akafurahi, akarudi. Lakini wapo wageni wa namna nyingine washukao katika kituo hicho hicho: vijana waliokuja kutafuta nyumba yao ya kwanza. Hao hutazama mtaa kwa jicho jingine.

KUBAKA NA KUPANGA

Mnyarwanda akitaka kusema kwamba mtu fulani ameoa au ameolewa, husema "arubatse", yaani amejenga. Kujenga na kuoa ni neno moja, kwa sababu zamani kijana hakuoa mpaka awe amesimamisha nyumba. Siku hizi katika mji wa Kigali kijana aliyeanza kazi jana hawezi kununua kiwanja wala kujenga. Hapana budi apange.

Nacho Kiswahili kina hekima yake hapo, maana kupanga nyumba na kupanga matumizi ni neno moja. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliuambia mkutano wa TANU kwamba kupanga ni kuchagua. Alikuwa akizungumzia mpango wa taifa wa miaka mitano, lakini maneno hayo hayajapata pahali panapoyafaa zaidi ya chumba na sebule cha watu wawili wenye mshahara mdogo.

Na tuchukue mfano wa watu wa namna hiyo. Bibi ni mwalimu wa shule ya msingi, na bwana ni fundi cherehani mwenye cherehani yake katika baraza la duka. Walimu wa shule za msingi nchini Rwanda waliongezwa mshahara kwa asilimia 88 mwezi Agosti 2022, nyongeza iliyowatoa wengi katika dhiki kubwa. Walakini nyongeza haigeuki kuwa nyumba yenyewe. Tuseme mwalimu hupata faranga 110,000 mkononi, na fundi, akichanganya siku njema na siku mbaya, hupata 70,000. Jumla yao ni faranga 180,000 kwa mwezi. Tarakimu hizi ni za kujifunzia hesabu tu, na kila msomaji aweza kuweka zake mahali pake.

KODI HUSHUKA PAMOJA NA MTEREMKO

Jambo la kwanza kwa atafutaye nyumba Nyamirambo ni kuujua mteremko. Barabara kuu imepita juu ya mgongo wa kilima, na nyumba zimeteremka pande zote mbili. Zilizo karibu na lami zina kodi kubwa. Kila hatua ya kushuka, njia huwa nyembamba zaidi, na kodi hupungua. Dalali, ambaye hapa huitwa komisiyoneri, huanza kuonyesha nyumba za juu, kwa kuwa malipo yake hutokana na kodi. Mpangaji akitikisa kichwa, wote wawili huanza kushuka ngazi.

Tuseme huko juu wameonyeshwa nyumba ya faranga 80,000, na huko chini nyumba ya vyumba viwili hivyo hivyo kwa 50,000. Tofauti ni 30,000, nayo si fedha ya kuchezea. Hata hivyo mtu asikimbilie kusema ya chini ndiyo rahisi. Kwanza aulize: Je, maji ya bomba hufika kila siku, au mabomba hukauka na mtu hununua maji kwa dumu? Dumu la lita ishirini lililobebwa mgongoni kushuka ngazi lina bei yake na bei ya mbebaji. Je, wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji ya mvua hupita wapi? Mlangoni? Je, mtu akirudi usiku na mzigo atapanda pikipiki mpaka wapi? Nyumba yenye kodi ndogo iliyo mbali na maji na njia hudai sehemu ya kodi yake kila siku, kidogo kidogo, mpaka mwisho wa mwezi mtu haoni alichookoa.

Kwa hiyo mwenye busara huenda kuiona nyumba mara mbili: mara moja mchana wa jua, na mara moja baada ya mvua. Aidha huwauliza wapangaji wa jirani, si mwenye nyumba peke yake. Majirani hawana sababu ya kuficha ukuta unaovuja.

SIKU YA KUHAMIA

Msomaji wa Dar es Salaam amezoea kusikia mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima. Kigali mara nyingi hudaiwa mwezi mmoja hadi mitatu, na hilo ni nafuu kwa waanzao maisha. Lakini siku ya kuhamia ina madai mengine ambayo vijana huyasahau: malipo ya dalali, gari la kuhamisha vitu, kufuli jipya, pazia, jiko, sufuria mbili, ndoo na madumu ya maji, godoro kama halikuletwa. Hata kapu la sokoni ni la lazima, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na mwuza mboga hatampa mtu wa kubebea.

Kosa la wengi ni kuyalipa hayo yote kwa fedha iliyobaki baada ya harusi, kana kwamba fedha hiyo haina mwisho. Vizuri zaidi ni kuitenga mapema, kabla ya kadi za harusi kuchapishwa. Sherehe iliyopunguzwa meza tatu husahauliwa katika wiki moja. Nyumba iliyoanza na deni hukumbukwa mwaka mzima.

Hapana budi pia mkataba uandikwe, hata kama mwenye nyumba ni rafiki wa mjomba. Ndani yake iwemo kodi, tarehe ya kulipa, nani hulipa maji na umeme, na muda wa kupeana taarifa mmoja akitaka kuvunja mapatano. Tarehe hasa iangaliwe. Mwenye nyumba huhesabu mwezi tangu siku mpangaji aliyoingia. Akiingia tarehe 20, atadaiwa kila tarehe 20, wakati mshahara wa mwalimu ungali mbali. Mtu aombe tangu mwanzo kodi ilipwe siku chache baada ya mshahara, hata kama itambidi alipe siku za ziada mwezi wa kwanza. Ombi hilo siku ya kwanza ni mapatano. Likija mwezi wa tatu huwa ni udhuru.

Baada ya hapo mpangaji mpya hujitambulisha kwa kiongozi wa umudugudu. Msomaji asidhani ni kijiji cha shamba. Umudugudu ni ngazi ya chini ya uongozi hata katikati ya mji, mfano wa nyumba kumi za zamani, ingawa ni mkubwa kuliko hizo. Kwa njia hiyo mpangaji hujua siku ya kuchukuliwa taka, malipo yake, na mchango wa walinzi wa usiku. Jumamosi ya mwisho ya mwezi hutoka na wenzake kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kufagia na kuzibua mifereji. Kazi hiyo haina malipo, lakini ndipo mtu anapofahamiana na majirani, na jirani ni akiba ambayo haiandikwi katika daftari.

HESABU YA MWEZI

Sasa wale wawili wamechagua nyumba ya chini, baada ya kuhakikisha kwamba bomba lipo uani na ngazi si ndefu. Jioni ya kwanza wanaketi na daftari. Mapato yao ni ya aina mbili: mshahara ulio na tarehe, na chumo la kila siku lisilo na tarehe. Hapo ndipo penye siri yote. Matumizi yasiyosubiri yawekwe juu ya fedha yenye tarehe, na chumo la siku lihudumie mahitaji ya siku.

Basi kutoka katika mshahara wa 110,000 wanaandika: kodi 50,000, nauli ya mwalimu, anayefundisha upande wa pili wa mji, 18,000, umeme 5,000, maji 4,000, taka na ulinzi 4,000, simu 4,000, upatu 10,000, dharura 10,000. Jumla ni 105,000. Zinabaki 5,000, ambazo zinajiunga na zile 70,000 za fundi. Hizo 75,000 ndizo chakula na moto: 60,000 za chakula na 15,000 za makaa au gesi. Daftari limefungwa, na hakuna faranga iliyokosa kazi.

Msomaji ataona kwamba kama wangechukua nyumba ya juu, zile 30,000 zingetoka wapi? Zingemeza upatu wote, dharura yote, na bado zingenyofoa 10,000 mezani.

Nauli nayo ina historia yake. Kwa miaka kadhaa serikali ya Rwanda iliwalipia abiria sehemu ya nauli za mabasi. Msaada huo uliondolewa mwezi Machi 2024, na nauli zikapanda. Watu waliokuwa wamepanga nyumba mbali na kazi kwa kutegemea nauli ya zamani walijikuta wamepangua hesabu zao siku moja. Fungu la dharura huwekwa kwa mambo kama hayo, na wala si kwa ugonjwa tu.

MITA MOJA, JIKO NNE

Katika nyua nyingi za Nyamirambo familia tatu au nne hukaa katika uwanja mmoja na kutumia mita moja ya umeme, ile ya kulipia kabla ambayo watu huiita Cash Power. Ugomvi mwingi wa wapangaji huzaliwa hapo, kila mmoja akimshuku mwenzake kwa pasi au jokofu. Lakini mara nyingine hakuna mwizi. Mwizi ni hesabu.

Bei ya umeme wa nyumbani Rwanda hupanda kwa ngazi. Kwa viwango vya mwaka 2020, kabla ya kodi ya serikali, uniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja; zilizofuata mpaka 50 zilikuwa 212; na zilizozidi 50 zilikuwa 249. Viwango hivyo vimekwisha kurekebishwa tena, ila mpango wa ngazi umebaki. Familia moja yenye mita yake, ikitumia uniti 15, ililipa faranga 1,335. Familia nne zikitumia uniti 15 kila moja kupitia mita moja, jumla ni uniti 60, na bei yake 11,245. Wakigawana sawasawa, kila familia hulipa zaidi ya 2,800. Taa ni zile zile, lakini malipo yamezidi maradufu kwa sababu ya kukaa nyuma ya mita moja.

Kwa hiyo swali la mita liulizwe kabla ya swali la rangi ya ukuta. Nyumba yenye mita yake, hata ikizidi kidogo kwa kodi, yaweza kuwa ndiyo rahisi.

MEZANI

Chakula ndicho fungu kubwa kuliko yote, na ndicho kinachotii zaidi mkono wa mpangaji. Maharagwe, ndizi, viazi, unga wa muhogo, dodo ambayo ni mchicha, na isombe ambayo msomaji wa Tanzania huijua kwa jina la kisamvu: hivyo ndivyo vyakula vya nyumba ya kawaida. Maharagwe yakilowekwa usiku huiva upesi, na makaa huokolewa. Anunuaye makaa kwa kopo kila siku hulipa zaidi kuliko anunuaye gunia, kama ilivyo kwa mafuta na sabuni. Shida ni kwamba gunia hudai fedha nyingi kwa mara moja. Majirani wawili wakishirikiana kununua gunia na kuligawa, shida hiyo hupungua nusu.

Hatari iliyopo Nyamirambo ni utamu wa mtaa wenyewe. Chapati na chai asubuhi kwa sababu moto haujawashwa. Mishikaki jioni kwa sababu mtu amechoka. Kila kimoja ni fedha ndogo. Hakuna anayesema watu wasile barazani, maana mtaa huu ungepoteza nusu ya uhai wake. Yafaa tu kuandika. Mtu akiandika alichokula barabarani kwa wiki moja, atajichagulia mwenyewe siku ya kwenda na siku ya kukaa nyumbani.

Hatari ya pili ni daftari la dukani. Mwenye duka wa mtaani huwakopesha wateja wake sukari na mchele, na deni Mnyarwanda naye huliita ideni. Daftari hilo limewavusha wengi katika siku ngumu, na si halali kulidharau. Lakini liwe mlango wa dharura, lisiwe mlango wa kila siku. Nyumba inayokula mwezi huu kwa mshahara wa mwezi ujao imekwisha kupoteza mwezi mmoja wa maisha yake.

MWEZI WA TATU

Mipango si matumizi, walisema wahenga, na mwezi wa tatu ndio huwapima waliopanga. Sikukuu imepita, watu wameshashona nguo zao, na baraza la fundi limekuwa kimya. Siku mbili anarudi bila kitu. Siku ya tatu cherehani nayo inakatika kipuri.

Hapa ndoa changa hufika njia panda. Wako mabwana wanaoficha. Hukopa kwa rafiki, hukopa dukani, husema yote ni salama, mpaka mwenye nyumba abishe hodi asubuhi na bibi ajue mambo mbele ya majirani. Fedheha hiyo huumiza kuliko njaa. Katika mfano huu bwana anasema jioni ile ile. Daftari linafunguliwa. Kodi haiguswi, kwa maana ilikwisha kulipwa kutoka katika mshahara. Fungu la dharura la miezi miwili limefika 20,000, nalo linanunua kipuri na kuziba pengo la chakula. Nyama inaondoka mezani kwa muda, na chai ya barazani inanywewa nyumbani.

Na mwezi wa nne zamu yao ya upatu inafika. Upatu huo, ambao Wanyarwanda huuita ikimina, ni wa wanawake kumi wa uani na jirani, na kila mmoja hutoa 10,000 kwa mwezi. Siku hiyo mwalimu anapokea 100,000 kwa mara moja. Mtu asiye na mpango angenunua televisheni. Wao wanarudisha kwanza fedha ya dharura, wananunua gunia la makaa, na kinachobaki wanakiweka katika ushirika wa akiba na mikopo wa tarafa yao, kwa ajili ya cherehani ya pili.

Kiwanja chao cha kujenga kingali mbali, na pengine watapanga miaka mingi bado. Asubuhi bibi hupanda ngazi kwenda kituoni na bwana hufungua baraza lake. Mama mwenye nyumba, akiulizwa habari za wapangaji wake wa chini, hujibu kwa neno moja la Kinyarwanda: "Barubatse." Wamejenga.